Kitaondolewa, litaondolewa au itaondolewa?

Kuna sentensi moja ilinila jioni nzima. Ilikuwa kwenye mwongozo wa programu huria ya bakapu, jina naliacha, na Kiingereza chake kilikuwa hivi: "If the device holds a backup of the file, it will be removed at the next sync." Ukiisoma haraka unaona haina neno, mimi mwenyewe niliisoma mara tatu nikaona iko poa, shida ikaanza nilipotaka kuitafsiri manake Kiswahili hakikupi kitenzi mpaka useme kwanza ni nini kinachoondolewa. Kitaondolewa, kifaa? Itaondolewa, nakala? Au litaondolewa, faili lenyewe? Mwandishi kaweka "it" kaenda zake kulala, mimi nimeachiwa ngeli tatu, na moja kati ya hizo inamfutia mtu kazi yake.

Zamani ningebahatisha. Kweli kabisa, miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naona nikikwama ni Kiingereza changu kidogo, naona aibu kuuliza, nachagua kinachoelekea elekea nasonga mbele. Siku hizi najua mara nyingi aliyekwama ni sentensi. Aliyeandika programu anajua tayari inafanya nini kwa hiyo haoni pengo, mtumiaji naye anarukaruka akitafuta amri ya kukopi, anayepita kila koma ni mtafsiri peke yake.

Kabla sijafungua tiketi, yaani kuwaandikia rasmi watunzaji wa mradi kuhusu tatizo, nachungulia lugha nyingine, Weblate, tovuti tunayotafsiria, inakuonyesha pale pale. Wafaransa walikuwa wameandika "elle", yaani wameshaamua ni nakala, sijui waliuliza au waliotea. Wahispania wajanja, "se eliminará", kinachofutwa hakijulikani kama vile kwenye Kiingereza, wamelikwepa hilo balaa bila hata kulisemesha. Hiyo naiweka kwenye tiketi, manake lugha ya kwanza ikiwa imechagua na ya pili imekwepa mtu hawezi kukwambia kirahisi kwamba wewe ndo hujui kusoma.

Tiketi yenyewe ndo watu wengi wanaharibu. Ukiandika tu "sentensi hii haieleweki" jibu utakalopata ni "mbona mimi naielewa", mnaanza kubishana lugha na mwenye lugha, utashindwa. Mimi naweka sentensi kama ilivyo, naweka faili na namba ya mstari (kwenye PO, lile faili la tafsiri, iko kwenye ile mistari inayoanza na #: hapo juu ya msgid, yaani maneno ya Kiingereza ya asili), alafu nauliza swali la programu, sio la sarufi: mtu akisinki, faili lake la asili linabaki au halibaki? Hapo lazima ajibu ndio au hapana. Nikiweza naongeza na sentensi mbadala, moja kwa kila maana, achague.

Sasa kuna kitu inabidi ukijue kabla hujaomba wabadilishe Kiingereza chao. Gettext, mfumo wa tafsiri unaotumia hayo mafaili ya PO, inashika tafsiri kwa maneno ya asili yenyewe, kwa hiyo msgid ikibadilika hata herufi moja, faili zikiunganishwa upya tafsiri ya lugha zote inapigwa muhuri wa fuzzy, yaani inahitaji kukaguliwa upya, na fuzzy kwa kawaida haiingii kwenye programu, mtumiaji anarudishiwa Kiingereza. Kwenye miongozo ni mbaya zaidi manake stringi moja, yaani kipande kimoja cha kutafsiri, mara nyingi ni aya nzima. Ukitumia po4a, chombo cha kutafsiri miongozo kwa PO, kuna na kizingiti cha kiasi kilichotafsiriwa, usipokigusa ni asilimia 80, hati ikishuka chini ya hapo haitengenezwi kabisa, yaani lugha ndogo yenye mtu mmoja anayetafsiri usiku inaweza kupotea sababu mtu kaongeza koma. Ndo maana watunzaji wa miradi wanakuwa wagumu, na ndo maana GNOME (mradi wa desktop ya Linux) na wenzao wana kipindi cha kufunga stringi kabla ya toleo, ukileta tiketi yako hapo katikati subiri tu.

Kwa hiyo jiulize kwanza, sentensi ni mbovu au imekosa tu maelezo? Mfano "Open" peke yake kwenye menyu. Ni Fungua au ni Wazi? Neno halina kosa, muktadha ndo hamna, hapo omba tu maoni ya TRANSLATORS, yaani maelezo mafupi kwa watafsiri, kwenye kodi ya programu, hayo hayaharibu tafsiri ya mtu yeyote. Na kama neno hilo hilo linatumika sehemu mbili kwa maana mbili, omba wazitenganishe kwa msgctxt, ile lebo ya muktadha. Lakini "may" kwenye "the server may delete old copies", ambayo inaweza kuwa huenda ikafuta na inaweza kuwa inaruhusiwa kufuta, au "once" ambayo ni mara moja na pia ni baada ya, hizo zinamsumbua hata msomaji wa Kiingereza, hapo usione huruma na fuzzy za watu, omba sentensi ibadilishwe.

Ile ya kwangu ilijibiwa baada ya siku kama tisa. Jamaa aliniandikia kwamba ilibidi arudi akasome kodi manake na yeye hakuwa na uhakika. Kumbe inayofutwa ni nakala, ila pale tu ambapo ni ya zamani kuliko faili, kitu ambacho mwongozo haukukitaja popote. Sentensi moja ikawa mbili. Ya Kifaransa ikageuka fuzzy palepale, nami nikaandika "itafutwa" nikaenda kulala.