Mgonjwa wetu atamaliza lini dripu za saratani?

Tangu kampeni ya Oktoba ya saratani ya matiti ianze, lalamiko linalofika dirishani kwetu, kliniki ya saratani, ni moja: "Tuliambiwa miezi sita, huu wa saba." Ndugu zetu, hakuna aliyewazungusha.

Tibakemia, yaani hizo dripu za dawa za saratani, huhesabiwa kwa mizunguko. Mzunguko ni siku ya dripu pamoja na mapumziko yanayofuata, mara nyingi siku 21 kwa jumla. Saratani ya matiti mara nyingi hupewa mizunguko 4 ya dawa mbili, doxorubicin na cyclophosphamide, kisha 4 ya dawa nyingine: wiki 24. Mama wa saratani ya shingo ya kizazi aliye kwenye mionzi hupata dawa ya cisplatin kila wiki, kwa wiki 5 au 6. Mtoto mwenye saratani ya damu ya limfoblasti (chembe nyeupe changa) hutibiwa miaka 2 hadi 3. Kwa hiyo kumlinganisha shangazi na mgonjwa wa kitanda cha pili hakuna maana.

Siku ya dripu mgonjwa hupimwa uzito na kutolewa damu. Daktari husoma majibu na kuidhinisha, mfamasia hukokotoa dozi kwa urefu na uzito, ndipo dawa ichanganywe. Haichanganywi kabla. Aliyekosa tarehe hupimwa damu upya, maana majibu ya wiki iliyopita hayatumiki. Hiyo si adhabu.

Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikiwa bado chini siku ya 21, tunaahirisha wiki moja, na hilo likijirudia ndipo miezi sita inapokuwa saba. Kutubembeleza "mpe tu, tumetoka mbali" ni kutuomba tumhatarishe. Joto likifika nyuzi 38, msimpe panadoli mkalala. Mleteni usiku huohuo.

Binti mmoja alimkimbiza mama yake kwetu usiku wa manane, mkojo mwekundu kwenye chupa ya maji, mikono inamtetemeka. Ilikuwa rangi ya doxorubicin, ambayo hutoka kwa siku moja au mbili. Tulipaswa kumwambia mapema.

Wengine huacha mzunguko wa 3 kwa sababu uvimbe haushikiki tena. Kidole si kipimo! Chembe za saratani zilizobaki hazipapasiki.

Siku ya kwanza muulizeni daktari: mizunguko mingapi, kila baada ya siku ngapi, na lini atapima kama dawa inafanya kazi. Andikeni majibu kwenye jalada la daftari la kliniki, na kwenye nauli wekeni akiba ya safari mbili za ziada, endapo chembe za damu zitagoma kupanda na dripu ikaahirishwa.