"Nyumba Imeshapata Mtu": Ubaguzi Usio na Tusi na Sheria Inavyoujibu

Malalamiko mengi ya ubaguzi tunayopokea kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa hayana tusi ndani yake. Mtu amepiga simu kuulizia chumba cha kupanga Bamburi au Mikindani. Dalali amemchangamkia, kodi na dipoziti zimetajwa, kisha linakuja swali: "Jina lako kamili nani?" Akishalitaja jina la pili, sauti inabadilika. "Pole ndugu yangu, naona nyumba imeshapata mtu." Jioni tangazo lingali mtandaoni, na rafiki yake mwenye jina la kabila jingine akipiga anaambiwa aje kuiona kesho asubuhi.

Wanaofika kwetu na kisa kama hiki huanza kwa kujitilia shaka: "Lakini hakunitukana." Sheria haingoji utukanwe. Inachotazama ni ulichonyimwa, na kwa nini.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, utamaduni, mavazi, lugha na mingineyo. Wengi wanajua kwamba Serikali imefungwa na kifungu hicho. Wachache wanajua kwamba ibara yake ya 5 inamfunga pia mtu binafsi. Basi mwenye nyumba anayejitetea kwamba mali ni yake na humpa amtakaye, amesema nusu tu ya kweli. Anaweza kumkataa asiyemudu kodi. Hawezi kumkataa mwanamke kwa sababu hana mume, wala Mluo au Mdigo kwa sababu ya kabila lake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, inagusa moja kwa moja suala la kumnyima mtu mali au nyumba kwa ukabila. Niseme wazi, maana hapa Pwani tunalikwepa: sheria hii inamlinda mbara anayekataliwa nyumba Kisauni sawasawa na inavyomlinda mpwani anayenyimwa kazi bandarini.

Kwenye ajira ulinzi ni mpana zaidi, na hapa nataka tukae kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi, hajaajiriwa bado. Inakataza ubaguzi wa wazi na ule wa kuzungukia. Huu wa kuzungukia ndio unaotuumiza zaidi. Chukulia hoteli inayotoa kanuni kwamba wahudumu wote wa kike wawe kichwa wazi. Kwenye karatasi ni kanuni moja kwa wote, lakini tazama inamfungia nani mlango: binti wa Likoni aliyesomea utalii, ana cheti, ana lugha mbili tatu, na anavaa mtandio. Mavazi yametajwa kwa jina katika Katiba, na kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake. Mwajiri akitaka kuitetea kanuni hiyo, aonyeshe kwamba kazi yenyewe haifanyiki bila hiyo. Kiwandani, penye mashine inayoweza kunasa nguo inayoning'inia, hoja ya usalama ina uzito. Mapokezini, sijaona uzito wake.

Ujauzito nao si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, wala mwajiri hana ruhusa ya kudai kipimo cha virusi vya ukimwi kama sharti la kuajiri. Hilo la mwisho limekatazwa tangu sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi.

Sasa swali la ushahidi. Kifungu hichohicho cha 5 kinampa mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini msilisikie hili vibaya: Mahakama ya Juu imeeleza kwamba mlalamikaji aweke msingi kwanza, ndipo mzigo umhamie mwajiri. Msingi huo hujengwa siku ileile. Tunza ujumbe wa WhatsApp. Piga picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwapo. Yule rafiki aliyepiga simu akakaribishwa kuiona nyumba ni shahidi. Mwombe naye aandike alichoambiwa. Kesi nyingi hudhoofika kwa sababu mtu amekuja baada ya miezi akiwa na hasira tu, na simu aliyoitumia ameshaiuza.

Kwenye huduma za umma, Pwani ina kumbukumbu chungu. Wamakonde wa Kwale waliishi miaka mingi bila kitambulisho mpaka walipotambuliwa kuwa raia mwaka 2016, na Wapemba wakafuata 2023. Asiye na kipande hasajili laini ya simu, hafungui akaunti ya benki, hapigi kura. Ukiwekewa masharti ya kitambulisho ambayo mwenzako wa kabila au dini nyingine hawekewi, huo ni ubaguzi na unalalamikiwa kama mwingine wowote.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi hapa Mombasa na haitozi ada kupokea malalamiko. Suala la kazi laweza kuanzia kwa afisa wa leba, au kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi hapa mjini. Kwa suala hilo la kazi, usipitishe miaka 3 tangu jambo litokee. Kwa kesi ya kutetea haki za kikatiba, kifungu cha 22 kinasema kusiwe na ada ya kuifungua, na panapobidi mahakama ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Mtu au shirika laweza pia kufungua kwa niaba ya asiyeweza.

Hofu tunayoisikia kila mara ni hii: "Nikilalamika nitafutwa." Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri wako si sababu halali ya kukufuta kazi, isipokuwa ithibitike kwamba malalamiko hayakuwa na msingi wowote. Ukifutwa baada ya kulalamika, njoo na barua ya kukufuta pamoja na nakala ya malalamiko yako ya awali. Tarehe zilizo juu ya karatasi hizo mbili ndizo tutakazoanza nazo.