Mchezaji wa kulipwa hahitaji kuvuka mpaka

Majuzi nilikuwa nikimsikiliza mtangazaji wa michezo redioni akieleza kikosi cha timu ya taifa. Alisema kina wachezaji wa kulipwa kadhaa, akawataja mmoja mmoja pamoja na nchi wanazochezea, kisha akasema kwamba waliobaki ni "wa ndani". Hao aliowaita wa ndani wana mikataba iliyotiwa saini, wanapokea mshahara kila mwezi, na klabu ikichelewesha mshahara huo wana haki ya kuudai. Nimelisikia kosa hilo mara nyingi kiasi kwamba sioni tena sababu ya kulinyamazia.

Maana yenyewe haina ugumu. Mchezaji wa kulipwa ni mtu ambaye mchezo ni kazi yake: amekubaliana na timu kwamba atacheza nayo itamlipa, na makubaliano hayo hayafichwi. Anayecheza bila malipo ya namna hiyo huitwa mchezaji wa ridhaa.

Ugumu uko katika yale ambayo watu wameyaongeza juu ya maneno haya mawili. "Kulipwa" ni kitenzi lipa katika kauli ya kutendwa, na ndani yake hamna mpaka, bahari wala pasipoti. "Ridhaa" ina asili ya Kiarabu, nayo ni ndugu wa ridhia na radhi, kwa hiyo mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kuridhia kwake mwenyewe, kwa sababu ameupenda mchezo. Neno hilo halimwelezi kuwa hajui kucheza, ingawa siku hizi ukisema timu fulani inacheza kiridhaa utaeleweka kwamba umeitukana. Na lile neno la Kiingereza, professional, ambalo vijana wamelikata likawa "pro", kisha wakalitia wingi likawa "maproo" kwa maana ya wachezaji wa kigeni, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutamka jambo mbele za watu. Zamani lilitumika kwa mtu anayeweka nadhiri za utawa hadharani. Naomba msomaji alishike neno hilo "hadharani", kwa kuwa ndilo lililopotea katika matumizi yetu, na bila hilo historia ya malipo michezoni haieleweki.

Naelewa kosa letu lilikotoka. Kwa miaka mingi klabu zetu zilikuwa za ridhaa, na kijana aliyetaka kuishi kwa kipaji chake alilazimika kwenda ng'ambo, hivyo "amekwenda kucheza soka la kulipwa" na "amekwenda nje" zikawa habari moja. Hali ilibadilika, mikataba ikaingia nyumbani, lakini usemi ukabaki ulivyokuwa.

Mahali pazuri pa kuona dhana hii ilivyozaliwa ni besiboli ya Marekani, mchezo ambao mtu huupiga mpira kwa gongo kisha hukimbia kutoka kituo hadi kituo mpaka arudi alipoanzia apate alama, kwa sababu huko watu walibishana juu yake waziwazi kabla soka la Uingereza halijaruhusu malipo mwaka 1885. Chama cha kwanza cha besiboli, kilichoundwa mwaka 1857, kilikuwa cha ridhaa na kilikataza wachezaji kulipwa. Fedha zilipita mlango wa nyuma. Mfano unaojulikana sana ni wa George Wright, ambaye mwaka 1867 aliichezea timu ya Nationals ya mjini Washington akiwa ameandikwa katika orodha kuwa ni karani, na anwani ya ofisi yake ikatajwa kuwa ni namba 238 Pennsylvania Avenue. Aliyekwenda kuitafuta ofisi hiyo angekuta bustani ya umma. Je, Wright alikuwa mchezaji wa kulipwa? Kwa mfukoni, ndiyo. Kwa maana kamili ya neno, bado, kwa sababu aliyemlipa hakuwa tayari kukiri. Mwaka 1869 chama kiliwaruhusu wachezaji wa kulipwa kuwa kundi lao, na timu ya Red Stockings ya Cincinnati ikajitangaza kwamba wachezaji wake wote wanalipwa. Wright huyohuyo akawa na mshahara wa dola 1,400 kwa msimu ambao kila mtu aliweza kuutaja.

Miaka miwili baadaye pande hizo mbili zilitengana kabisa. Watu wa ridhaa walikutana Brooklyn tarehe 16 Machi 1871 wakaunda chama chao, na kesho yake wawakilishi wa timu za kulipwa wakakutana New York wakaunda cha kwao. Ada ya kushindania ubingwa ilikuwa dola 10. Timu tisa zilianza msimu huo, na moja kati yao ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: Kekionga ya Fort Wayne, mji wa jimbo la Indiana. Jina hilo lilikuwa la makao makuu ya Wamiami, wenyeji wa asili wa mahali hapo, penye makutano ya mito inayounda mto Maumee.

Wachezaji wake muhimu hawakuwa watoto wa Fort Wayne. Wengi walitoka Baltimore, katika timu ya Maryland iliyofanya ziara upande wa magharibi mwaka 1870 ikaishiwa fedha, na Fort Wayne ikawachukua. Miongoni mwao walikuwamo mdakaji Bill Lennon, Tom Carey, na mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) Bobby Mathews, kijana wa miaka 19 mwenye umbo dogo sana kwa kazi ile. Tarehe 4 Mei 1871 waliikaribisha timu ya Forest City ya Cleveland. Mchezo uliopangwa kufanyika Washington siku hiyo ulizuiwa na mvua, na kwa hiyo mchezo wa Fort Wayne ukawa wa kwanza katika historia ya ligi ya kulipwa ya besiboli.

Mpigaji wa kwanza alikuwa James White, aliyefahamika zaidi kwa jina la Deacon. Aliupiga mpira wa Mathews akafika kituo cha pili. Mwenzake Gene Kimball aliyemfuata aliuinua mpira hewani, White akaondoka kituoni kabla haujadakwa (mpira ukidakwa mpigaji hutoka mchezoni, na mwenzake aliyeondoka mapema hana budi kurudi kituoni kwanza), na Carey akaudaka kisha akakikanyaga kituo kile White hajarudi, wakatoka wote wawili kwa tendo moja. Baadaye Lennon alipiga, akafika kituo cha pili, na pigo la Joe McDermott likamrudisha nyumbani, yaani pale alipoanzia, na alama ya kwanza. Mvua ilikatiza mchezo katika duru ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, Kekionga ikiwa imeshinda 2-0, mbele ya watazamaji wapatao 200. Katika zama zile timu kufikisha alama 20 au 30 lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo mtu akisoma matokeo hayo leo huenda asitambue jinsi yalivyowashangaza watu.

Kekionga ilishinda michezo saba na kupoteza 12, na kabla ya Septemba ilikuwa imevunjika. Mathews aliendelea kurusha katika timu nyingine hadi mwaka 1887 na akafikisha ushindi 297 kwa hesabu inayojumuisha miaka ile ya mwanzo. Wenzake kadhaa hawakuonekana tena katika kiwango hicho.

Hapo ndipo mtangazaji wetu angeweza kunijibu: hao wa Baltimore walikuwa wageni Fort Wayne, kwa hiyo kulipwa na ugeni ni kitu kimoja. Nadhani hoja hiyo ndiyo inayowapoteza wengi, nayo inastahili jibu la taratibu. Walikuwa wageni kwa sababu timu ilikuwa na fedha ya kuwaita, na malipo ndiyo yaliyouleta ugeni. Mzaliwa wa Fort Wayne aliyeingia katika timu ile kwa makubaliano yaleyale alikuwa mchezaji wa kulipwa sawa na Mathews, hata kama alilala kwa mama yake. Wala ubora haukuwa kipimo, maana timu iliyopoteza michezo 12 kati ya 19 ilikuwa ya kulipwa sawasawa na Athletics ya Philadelphia iliyotwaa ubingwa mwaka huo. Wala muda haukuwa kipimo, kwa kuwa miezi michache ya Kekionga inatosha kuwaweka wachezaji wake katika orodha ya wachezaji wa kulipwa.

Pia tusichanganye kulipwa na kuwa katika ligi kuu. Mwaka 1969 wakuu wa besiboli ya Marekani walisherehekea miaka 100 ya besiboli ya kulipwa, wakihesabu tangu ile timu ya Cincinnati, na mwaka huohuo kamati yao ya kumbukumbu ikaamua kwamba ligi ya mwaka 1871 haitahesabiwa kuwa ligi kuu. Mimi uamuzi huo siupendi, hasa ninapomfikiria Mathews, lakini walau kamati ilijua kwamba hayo ni maswali mawili.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kijana wetu aliyesajiliwa Ulaya au Uarabuni ni mchezaji anayecheza nje, na aliyetoka nchi nyingine akasajiliwa hapa ni mchezaji wa kigeni. Yule beki uliyemwita wa ndani, mwenye mkataba wa miaka miwili na klabu ya mjini kwake, naye ni mchezaji wa kulipwa, na naomba safari ijayo umtaje hivyo.