Gari la spoti lililotumika, makato ya kodi na bei unayolipa: ufafanuzi kwa wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani

Msimu wa kuwasilisha hesabu za kodi ukianza, dawati letu la elimu kwa mlipakodi hupokea malalamiko ya aina moja, na safari hii yamezidi. Mwenye biashara ndogo, mara nyingi mmiliki wa lori, wa kampuni ya kuhudumia wazee majumbani au wa kazi za usafi, amenunua gari la spoti lililotumika kwa bei iliyompita uwezo, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba serikali itamrudishia. Anatuletea risiti na kuuliza hundi itakuja lini. Hakuna hundi. Kilichopo ni makato, nayo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Hayalipi bei ya gari.

Makala haya ni elimu ya jumla kuhusu kodi ya serikali kuu. Majimbo yana kanuni zake, na mengine, California ikiwemo, hayatambui sehemu kubwa ya makato tunayoyaeleza hapa. Kabla ya kutia saini mkataba wa gari, onana na mtaalamu wako wa hesabu.

Wengi huanza na kumbukumbu ya msaada wa serikali wa 2020 na 2021, kwa hiyo nasi tuanzie huko. Mpango wa kulinda mishahara, maarufu kwa herufi PPP, ulikopesha biashara takriban dola bilioni 800 hadi ulipofungwa Mei 31, 2021. Mkopo ulisamehewa iwapo masharti yalitimizwa, mojawapo likiwa angalau 60% ya fedha kwenda kwenye mishahara. Zipo biashara ambazo kazi haikusimama. Hizo, mishahara ikishalipwa na mkopo, zilibaki na faida yao mfukoni, na mwenye faida halali anaitumia apendavyo, hata kwa gari. Hapo hakuna kosa.

Lakini anayesema PPP peke yake ndiyo iliyopandisha bei anarahisisha mno. Viwanda vilikosa chipu za kielektroniki, kampuni za kukodisha magari ziliuza magari yao mwanzoni mwa janga la Covid kisha zikarudi sokoni kununua, na riba ilikuwa chini. Kufikia Juni 2021 fahirisi ya bei ya serikali ilionyesha magari yaliyotumika yamepanda 45.2% ndani ya miezi 12. Msaada ulikuta soko ambalo tayari halikuwa na magari ya kutosha.

Kwa magari ya spoti hali ni ngumu zaidi, na hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo. Chukua Porsche 911 yenye injini inayopozwa kwa hewa. Uzalishaji wake ulikoma 1998. Hakuna kiwanda kitakachoongeza hata moja, liwe liwalo. Wanunuzi 10 wakigombania gari moja na kila mmoja ameongezewa uwezo na serikali, gari linabaki moja. Kinachobadilika ni tarakimu iliyoandikwa kwenye kioo. Msaada unapitia kwa mnunuzi na kuishia kwa muuzaji. Kwa gari ambalo bado linatengenezwa nafuu huja, ila polepole. Na pesa zikikauka, bei hugeuka: riba ilianza kupandishwa Machi 2022, na mwaka huo ulipoisha magari yaliyotumika yalikuwa yameshuka 8.8%. Aliyenunua kileleni kwa mkopo alibaki na deni kubwa kuliko gari.

Wapo pia walioiba. Julai 2020 Wizara ya Sheria ilitangaza mashtaka dhidi ya mkazi wa Miami aliyepata karibu dola milioni 3.9 za PPP na, siku chache baadaye, akanunua Lamborghini Huracán ya dola 318,000. Alifungwa zaidi ya miaka 6, na gari lilichukuliwa. Bado tunaulizwa kama mambo ya wakati wa Covid yamekwisha kusahaulika. Hayajasahaulika. Sheria iliyosainiwa Agosti 2022 iliongeza muda wa kufungua mashtaka ya udanganyifu wa mikopo ya PPP na EIDL (mikopo ya serikali kwa biashara zilizoathiriwa na maafa) hadi miaka 10. Udanganyifu dhidi ya benki una kifungo cha hadi miaka 30 na faini ya hadi dola milioni 1. Udanganyifu kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki, hadi miaka 20. Kuuza gari hakufuti kosa.

Msaada unaogusa soko la leo ni makato ya uchakavu ya mwaka wa kwanza, yaani kukata bei ya mali ya biashara kwenye mapato mwaka uleule badala ya kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kabla ya Septemba 28, 2017 makato haya ya ziada yalihusu mali mpya tu. Tangu hapo mali iliyotumika nayo inakubalika, mradi hukuwahi kuitumia wewe mwenyewe na hukuinunua kwa mume, mke, mzazi, babu, bibi, mtoto au mjukuu wako. Kiwango kilikuwa 100% ya bei, kikashuka hadi 80% mwaka 2023, 60% mwaka 2024 na 40% mwanzoni mwa 2025. Kisha sheria ya Julai 2025 ikakirudisha kuwa 100% kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19, 2025. Wauzaji wanaijua kanuni hii vizuri sana, na wanaitumia kutetea bei.

Wasichokisema ni uzito. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango, tafuta herufi GVWR. Huo ndio uzito wa juu wa gari pamoja na shehena yake. SUV au pikapu inayozidi ratili 6,000 haibanwi na ukomo wa makato ya kila mwaka uliowekwa kwa magari ya abiria: Lamborghini Urus imo, Mercedes G-Class imo, Porsche Cayenne nyingi zimo. Gari la spoti la chini halimo. Corvette, 911 na Huracán zina ukomo wa dola 20,200 kwa mwaka wa kwanza ukiwa umeanza kulitumia 2025, 19,600 mwaka wa pili, 11,800 wa tatu na 7,060 kwa kila mwaka unaofuata, na hata hizo huzidishwa kwa asilimia ya matumizi ya biashara. Anayelipa zaidi kwa 911 kwa sababu ya "makato ya 100%" analipia haki ya gari jingine.

Hata kwa gari zito, piga hesabu. SUV ya dola 90,000 inayotumika 70% kwa biashara inatoa makato ya dola 63,000. Uwe kwenye daraja la kodi ya mapato la 22%, ongeza kodi ya kujiajiri ya 15.3%: unachookoa hakifiki dola 24,000. Zilizobaki, zaidi ya 66,000, ni zako, pamoja na riba na bima.

Kuna na siku ya kuuza, ambayo karibu hakuna anayeiuliza. Baada ya miaka mitatu unaliuza kwa dola 70,000. Sehemu ya biashara ni 49,000, na kwa kuwa uliikata yote mwanzoni, dola zote 49,000 ni mapato ya kawaida ya mwaka huo. Gari lisiloshuka bei, ambalo ndilo watu wanalisifia, ndilo lenye kodi kubwa zaidi wakati wa kuuza. Na matumizi ya biashara yakishuka hadi 50% au chini kabla ya kipindi cha uchakavu kwisha, sehemu ya makato inarudishwa kwenye mapato hata kama gari bado liko barazani kwako.

Utaratibu ni huu. Gari liwe tayari kwa kazi ifikapo Desemba 31. Kulipa malipo ya awali Desemba na kulichukua Januari hakutoshi. Jaza Fomu 4562, ambayo ni ya makato ya uchakavu, sehemu ya tano, ambako unaulizwa kama una ushahidi wa maandishi. Ushahidi ni daftari la safari: tarehe, mahali, maili, sababu, na usomaji wa maili Januari 1 na Desemba 31. "Machi 4, kwa mteja, kukagua zamu ya usiku, maili 31" inatosha. Kwenda kazini kutoka nyumbani si safari ya biashara. Tumelirudia hili mno. Na daftari la mwaka mzima lililoandikwa kwa kalamu moja usiku mmoja mkaguzi hulitambua kwenye ukurasa wa kwanza.

Makato yasiyostahili huvuta adhabu ya 20% ya kodi iliyopungua, juu ya kodi yenyewe na riba. Ikithibitika ni udanganyifu, adhabu ni 75% na hakuna ukomo wa muda wa ukaguzi.

Jambo moja kwa wanaofikiria kulipeleka gari nyumbani. Gari linalotumika zaidi nje ya Marekani halistahili makato haya ya mwaka wa kwanza. Likisafirishwa, hati ya umiliki na gari lenyewe vifikishwe kwa forodha ya Marekani angalau saa 72 kabla ya kuondoka, na kama lina mkopo, idhini ya mkopeshaji ni ya lazima. Kenya, kwa kawaida, haisajili gari la usukani wa kushoto, na magari mengi ya spoti yanayouzwa hapa ni ya usukani huo.

Ambaye tayari amedai makato asiyostahili anaweza kuwasilisha Fomu 1040-X, ya kurekebisha hesabu za kodi. Akiifikisha kabla IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haijamwandikia kuhusu ukaguzi wa mwaka huo, na kosa likiwa si la udanganyifu, kwa kawaida hulipa kodi na riba bila ile adhabu ya 20%. Barua ikishafika, nafasi hiyo imefungwa.