Ugonjwa wa akili kutibiwa kituo cha afya cha kawaida: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

"Mambo ya akili ni ya hospitali ya akili." Hii naisikia kuliko zote na ndo inaumiza watu wengi zaidi, maana mtu mwenye sonona, yaani dipresheni, mara nyingi huko hafiki kabisa, anaenda kituo cha afya cha karibu na wala hasemi ana huzuni, anasema kichwa kinauma, tumbo halieleweki, usingizi hakuna, mwili umechoka tu, anapimwa hiki na kile majibu yanatoka safi, anapewa vidonge vya maumivu anaondoka, na baada ya muda yuko tena kwenye foleni ileile. Mgonjwa ameshafika jamani! Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza. Na hawa sio wachache, Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria mwaka 2019 karibu watu milioni 970 duniani walikuwa wanaishi na tatizo la afya ya akili, kama mtu mmoja katika kila wanane.

"Nesi wa kawaida hajasomea hayo." Anaweza, akifundishwa na akisimamiwa. WHO walianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008 kwa ajili hiyo hasa, na mwongozo wake unamfundisha mhudumu asiye bingwa kushughulikia sonona, saikosisi (mtu kusikia au kuona vitu ambavyo havipo), kifafa, ulevi na mengine. Zimbabwe wameenda mbali zaidi, daktari wa akili Dr. Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa jamii, wengi wao bibi wa makamo, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kupanga namna ya kutatua tatizo moja moja, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ila hapa wapo hata wataalamu wanaokosea, wanadhani ukishafanya semina ya siku tatu na kugawa vitabu basi huduma ya akili imeunganishwa na ya kituo cha kawaida. Haijaunganishwa hiyo! Kinacholeta matokeo ni ufuatiliaji: kuna mtu kazi yake ni kumpigia mgonjwa akikosa kuja, dalili zinapimwa kwa namba kila mara (dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9 lina maswali 9 tu), daktari bingwa anapitia orodha ya wagonjwa na mhudumu, na asiyepata nafuu anabadilishiwa matibabu badala ya kuachwa na dozi ileile mwaka mzima. Marekani walijaribu hivyo kwa wazee 1,801 kwenye kliniki 18, matokeo yakatoka 2002, baada ya mwaka asilimia 45 dalili zilikuwa zimepungua nusu au zaidi, wenzao wa huduma ya kawaida ni asilimia 19.

"Ukimuuliza mtu kama anawaza kujiua unampa wazo." Hapana, tafiti hazijaonyesha hivyo, na wengi wanapata ahueni kuona hatimaye kuna mtu kauliza. Uliza waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mlango umefungwa: umekuwa ukiwaza ni bora ufe? Umepanga kufanya kitu? Akisema ndiyo usimwache peke yake, na rufaa iwe siku hiyohiyo.

"Dawa za sonona zinamfanya mtu teja." Watu wanazichanganya na dawa za usingizi kama diazepamu, hizo kweli zinaleta utegemezi na cha kusikitisha ndo zinazotolewa hovyo kwa mtu anayesema hapati usingizi. Dawa za sonona hazikupi ulevi, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na ukishapona unaendelea nazo kwa miezi kadhaa, halafu unapunguza taratibu, usikate ghafla maana mwili utasumbua. Na sio kila mtu anahitaji dawa, sonona nyepesi inatibika kwa mazungumzo.

Kuhusu hofu kwamba haya yote yatawaongezea wahudumu kazi, ni kweli mwanzoni dakika zinaongezeka, sitakataa. Lakini mgonjwa wa kisukari mwenye sonona anaruka dozi, anakosa kliniki, sukari inapanda, na anayekuja kumhudumia akizidiwa ni nesi yuleyule, kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo ya PHQ-9 kuhusu huzuni na kukosa hamu ya mambo yaulizwe pale pale anapopimwa sukari na presha, yaandikwe kwenye faili lilelile.