Usikague Ngama Tu, Kagua na Vitanda

Kila kundi jipya la wakaguzi wa uvuvi ninalolifundisha naliuliza swali lile lile siku ya kwanza: mnawakumbuka samaki wa Magufuli? Mikono yote juu. Kuna ambao walikuwa shule ya msingi wakati ule, lakini habari wanayo. Machi 2009 meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman, ikiwa imebeba wakaguzi wa nchi kadhaa za ukanda wetu, iliikamata meli Tawariq 1 ikivua bila leseni katika ukanda wa bahari wa Tanzania. Ngamani, yaani kwenye chumba cha mzigo cha meli, mlikuwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa Mifugo na Uvuvi alikuwa John Magufuli, na jina lake likawaganda samaki hao mpaka leo.

Swali la pili hunyamazisha darasa. Mabaharia je? Walikuwa zaidi ya 30, wengi kutoka nchi za Asia, na Wakenya wakiwamo. Walisota mahabusu kwa makosa ya meli isiyokuwa yao. Nahodha na wakala walitiwa hatiani 2012, kisha Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo 2014. Uzito wa samaki tuliujua. Nani aliwaajiri wale vijana, kwa mkataba upi, kwa ujira gani, hayo hayakuwa mazungumzo ya mtaani wala ya magazetini.

Nalisema hili bila kumlaumu mtu. Wakati ule karibu serikali zote zilikuwa na mafaili mawili: la samaki liko wizara ya uvuvi, la wafanyakazi liko wizara ya kazi, na ofisa wa kazi hapandi boti. Nchi iliyolazimika kuyaunganisha mafaili hayo mbele ya macho ya dunia ni Thailand, na hapo ndipo pa kujifunza, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake.

Chanzo chake ni hesabu rahisi ya gharama. Mwaka 1961, wavu wa kukokota katika Ghuba ya Thailand ulivuna karibu kilo 300 kwa saa. Kufika miaka ya 1990 haukupata hata theluthi ya hizo. Meli ziliongezeka, samaki wakapungua, safari zikawa ndefu, mafuta yakala faida. Bei ya dizeli mwenye meli hawezi kuishusha, wala ya barafu. Kinachoshuka ni ujira. Wathai wenyewe walikwishaanza kuikimbia kazi hiyo, hasa baada ya kimbunga Gay cha 1989 kuua wavuvi kwa mamia, na nafasi zao zikajazwa na vijana wa Myanmar na Kambodia walioletwa na madalali. Dalali anamlipia kijana safari, anamuuza kwa nahodha, na kijana anaanza kazi akiwa na deni asilojua ukubwa wake.

Samaki nao walihamishiwa meli nyingine huko huko baharini. Meli ya kubebea inakuja na mafuta na chakula, inaondoka na samaki, na ile ya kuvulia haina haja ya kugusa gati kwa miezi, pengine miaka. Kwa mwizi wa samaki ni raha, maana samaki wa halali na wa haramu wanachanganywa. Kwa baharia asiyelipwa, gati ndiyo ilikuwa mahali pekee pa kutorokea. Mwaka 2015 waandishi wa Associated Press waliwakuta wanaume wamefungiwa kwenye kizimba huko Benjina, kisiwani Indonesia, wakivulia meli za wamiliki wa Kithai. Zaidi ya watu 2,000 walikombolewa baada ya habari hizo.

Aprili mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliipa Thailand kadi ya njano kwa uvuvi haramu. Maana yake: jirekebishe, la sivyo samaki wako hawaingii soko letu. Kwa nchi inayouza jodari wa kopo duniani kote, hilo lilikuwa pigo la tumboni. Sheria mpya ya uvuvi ikatoka Novemba 2015. Kila meli ya tani 30 na zaidi ikafungwa kifaa cha kuonyesha ilipo kwa setilaiti. Vikaanzishwa vituo katika mikoa ya pwani ambako meli lazima ijiandikishe inapotoka na inapoingia, na pale ofisa wa uvuvi, wa kazi na wa majini wakasimama meza moja. Toka 2017 ujira ukatakiwa kupitia benki. Kadi ya njano iliondolewa Januari 2019, na mwezi huo huo Thailand ikawa nchi ya kwanza barani Asia kuridhia Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya uvuvi.

Ukisoma mpaka hapo unaweza kupiga makofi. Subiri kidogo.

Mapema 2018 watetezi wa haki za binadamu walieleza ukaguzi ulivyokuwa ukiendeshwa katika baadhi ya vituo hivyo. Mabaharia wanapangwa mstari gatini, majina yanasomwa, kila mmoja anaitika, karatasi zinagongwa mhuri. Anayehojiwa ni nahodha. Kijana wa Myanmar amesimama hatua tatu kutoka kwa bosi wake na hakuna mkalimani. Na zile akaunti za benki? Zilifunguliwa kweli, mshahara ukaingia kweli, lakini kadi na namba ya siri vilikaa kwa mwajiri. Karatasi inaonyesha kalipwa. Mfukoni hana kitu.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawakataza kuuliza, "Umelipwa?" Jibu lake ni ndiyo siku zote. Muulize kadi yake iko wapi, na mara ya mwisho alituma lini pesa nyumbani. Na mtenge na nahodha, hata kama ni kwa kisingizio cha kukuonyesha jikoni.

Cape Town walifika mbali kidogo. Mwaka 2018 Afrika Kusini iliizuia bandarini meli ya Taiwan kwa kukiuka Mkataba Na. 188, na ikawa meli ya kwanza duniani kuzuiwa kwa mkataba huo: nyaraka pungufu, malazi mabovu, chakula hakitoshi, usalama duni. Baadaye baadhi ya mabaharia wake walisimulia vipigo, na pia papa waliokatwa mapezi. Ukivuta uzi wa chakula kibovu, unaweza kumkuta papa mwisho wake.

Kenya iliuridhia mkataba huo 2022, kwa hiyo kijana wa Mombasa, Lamu au Kwale anayefuatwa na wakala ana pa kushikia. Gharama ya kutafutiwa kazi si ya baharia. Mkataba uwe wa maandishi na auelewe kabla ya kutia sahihi. Cheti cha daktari ni lazima. Katika meli inayokaa baharini zaidi ya siku tatu, mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Kwa kawaida kijana aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi, na kazi za hatari zinataka 18. Kumbe kule Thailand upepo umeshageuka: wenye meli walilalamika kwamba sheria ni kali mno, na 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuilegeza, ukiwamo mlango wa kuhamisha samaki baharini.

Kwa familia zetu kuna kipengele kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Kabla meli haijang'oa nanga, au mara tu inapoondoka, nakala ya orodha ya mabaharia waliomo lazima iwafikie wahusika nchi kavu. Mama anayemsindikiza mwanawe bandarini na aulize orodha hiyo kaachiwa nani, na jina la mwanawe limeandikwaje.