UTI sugu maana yake nini hasa?

"UTI sugu" ni neno la wagonjwa zaidi kuliko la madaktari. Mtu ameugua, kameza dawa, kapona, na kabla mwezi haujaisha mkojo unachoma tena na haja ndogo inambana kila baada ya dakika kumi, akienda yanatoka matone tu. Kitabibu huitwa maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, na yana hesabu yake: mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya miezi 12. Ubaya wa neno "sugu" ni kwamba limefunga mambo matatu tofauti kwenye furushi moja, na kila moja lina njia yake ya kutibiwa.

Tuanze na mhusika mkuu. Kwa wagonjwa walio wengi sana ni bakteria aitwaye E. coli, ambaye makao yake ni utumbo mpana na huko hana ugomvi na mtu. Ugomvi huanza akifika kwenye tundu la mkojo na kupanda. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20, na tundu la mwanamke liko jirani kabisa na njia ya haja kubwa. Safari ni fupi. Kukojoa huwasomba wengi wao, lakini E. coli wa aina hii wana vinyweleo vyenye ncha inayonasa kwenye ukuta wa kibofu, kama kishonanguo kinavyong'ang'ania pindo la nguo. Wapo pia wanaojipenyeza ndani ya chembe za ukuta huo na kuzaliana humo, ambako dawa nyingi haziwafikii vizuri.

Sasa furushi. Jambo la kwanza ni ugonjwa uleule ambao haukuisha. Dalili zinarudi ndani ya wiki 2 hivi baada ya kumaliza dawa, na mkojo ukioteshwa maabara anaonekana bakteria yuleyule. Hapo ama dawa haikumfaa, ama haikumezwa ikaisha, ama ana maficho: jiwe kwenye figo, tezi dume iliyovimba, au kibofu kisichomaliza mkojo wote. Bakteria aitwaye Proteus hata hutengeneza mawe mwenyewe, kisha akakaa ndani yake. Mgonjwa wa namna hii akiongezewa vidonge tu bila kupigwa picha ya figo na kibofu, anazungushwa.

La pili, ambalo ndilo la wanawake wengi, ni maambukizi mapya. Yale ya kwanza yaliisha kabisa, kisha wakapanda wengine. Tendo la ndoa huwasukuma bakteria kuelekea juu. Hilo haliifanyi UTI kuwa ugonjwa wa zinaa, na mwenzi hana haja ya kutibiwa. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazowekwa ukeni huongeza hatari, kwa sababu huua pia bakteria walinzi wa uke, wale wanaotengeneza asidi. Baada ya hedhi kukoma kabisa, homoni ya estrojeni hushuka, walinzi haohao wakapungua, na mama aliyeishi miaka 50 bila UTI anaanza kuipata kila baada ya miezi michache. Kisukari nacho huongeza hatari. Choo cha kukalia, kinacholaumiwa kuliko vyote, hakistahili lawama hiyo, na kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni kunaharibu ulinzi badala ya kuujenga.

La tatu linawakera watu nikilisema: huenda si UTI. Kisonono, klamidia, fangasi za ukeni, kichocho na maumivu ya kibofu yasiyo na bakteria yote yanaweza kuleta dalili zinazofanana nayo. Na wapo ambao hawana dalili yoyote, ila karatasi ya maabara imeonyesha bakteria. Hao, isipokuwa mjamzito au anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kawaida hawapewi dawa. Kuwapa ni kuwafundisha bakteria kuzizoea tu.

Kwa hiyo kipimo ni nusu ya tiba. Mkojo wa kwanza unauacha upite, unakinga ule wa katikati kwenye kikopo safi, na unaufikisha maabara mapema. Ukikaa saa mbili au tatu kwenye joto, bakteria watatu wa ngozini wanageuka kundi. Anayejirudia kuugua aombe mkojo uoteshwe ili ijulikane ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi.

Kwa UTI ya kibofu isiyo na matata, dawa zinazotumika sana ni nitrofurantoini, kwa kawaida siku 5, au fosfomisini gramu 3 mara moja tu. Nitrofurantoini haifai maambukizi yakishafika figo, hivyo si dawa ya kuazimana. Sindano kali kwa kila anayesema "sugu" ni matumizi mabaya.

Kuzuia kunategemea chanzo. Maji kwanza: utafiti uliochapishwa 2018 uliwahusu wanawake 140 waliokuwa wakinywa kidogo, na walioongeza lita 1.5 kwa siku waliugua wastani wa mara 1.7 kwa mwaka, wenzao mara 3.2. Aliyekoma hedhi husaidiwa na estrojeni ya kupaka ukeni. Anayeugua kila baada ya tendo anaweza kuandikiwa kidonge kimoja cha antibiotiki cha kumeza baada yake. Wengine hupewa dozi ndogo kila siku kwa miezi kadhaa, au methenamini, ambayo si antibiotiki na hivyo haileti usugu uleule wa bakteria kuzizoea dawa. Juisi ya kranberi, tunda dogo jekundu, hupunguza kidogo kwa baadhi ya wanawake. Sukari ya D-mannose, inayouzwa kwa sifa nyingi, haikuonyesha faida katika jaribio kubwa la 2024.

Mwanamume, mtoto mdogo na mjamzito wasisubiri hesabu ya mara 3. Wao huchunguzwa hata kwa mara ya kwanza. Na kwa yeyote, homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika huenda ni figo zinahusika, aende hospitali siku hiyohiyo. Damu kwenye mkojo isiyoambatana na maumivu nayo ichunguzwe, hasa kwa mwenye umri mkubwa au mvutaji sigara, maana saratani ya kibofu mara nyingi huanza kujionyesha hivyo.